Mdai Amesema Hajambo

Matsangoni,
14 Januari 2025

Mwanangu Nyale,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo kama ningekupa nafasi. Huku tunaendelea. Mihogo ya upande wa barabarani imekauka, ya bondeni imeponea. Posa ya binti yangu Abigael imekuja. Wazee watano wa Sabaki walifika Jumamosi, wakala, wakasifu, wakaondoka na ahadi ya harusi mwezi wa nne. Mkeo Viola je? Nasikia ni mjamzito, na nimesikia kwa watu, si kwako.

Utauliza kwa nini nakuandikia barua. Simu haipo. Baba yako mdogo Sanga akisikia mlio wake hudhani kiwanda cha chumvi kinamwita zamu. Ya kwanza aliiponda kwa jiwe, ya pili aliitia kisimani. Na simu ya jirani husikilizwa na jirani. Basi nitatumia posta, sanduku la shule, kama nilivyofanya nilipokuwa mwalimu.

Sasa nililolijia. Mfuko wa Maradhi, ambao ndio mwajiri wako, umemjibu Sanga. Alikaa miaka kumi na saba kwenye pampu za chumvi, akikatwa kila mwezi kwa ajili ya siku atakayougua. Siku imefika, ameugua. Nakunukulia jibu lote, halina urefu: "Mdai alihojiwa ofisini Mtwapa tarehe 4 Desemba. Mdai amesema hajambo. Alikuwa nadhifu, mwenye adabu, na alijibu maswali yote. Ombi limekataliwa."

Nyale, unadhifu huo ni wangu. Alikuwa hajaoga siku kumi na mbili. Nilimwogesha, nikamnyoa ndevu, nikampigia shati pasi, nikamwambia: ukifika wasalimu watu vizuri, usitutie aibu. Gari la kiwanda likamchukua na wenzake wawili, mimi nikakatazwa kupanda. Sasa mtu aliyelelewa na mama yetu, akiulizwa habari yake na mtu aliyevaa tai, mlitaka ajibu nini? Hata maiti wa ukoo huu angeitikia njema kwanza, ndipo aseme amekufa. Hiyo ni adabu, nanyi mmeifanya kipimo cha daktari.

Nani alimhoji? Chini ya barua pana saini kama mnyoo uliokanyagwa. Nataka jina lake. Mwisho wa rufaa ni tarehe 30 Juni.

Shangazi yako,
Mbeyu


Mtwapa,
9 Februari 2025

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeipata juzi, ilikaa posta zaidi ya wiki tatu. Ni kweli kuhusu Viola. Daktari anasema Julai. Tulitaka kuja kukuambia wenyewe, tukawa tunangoja nafasi, na nafasi haikuja. Nisamehe. Poleni kwa mihogo, na hongera kwa Abigael.

Kuhusu baba mdogo nimesikitika sana. Mimi niko meza ya majeraha: vidole, migongo, macho yaliyoingiwa na chumvi. Maradhi ya akili yana meza yake. Jina la afisa siwezi kukupa, kanuni hazikubali.

Lakini naweza kukueleza kazi inavyokwenda. Fomu ya akili ni ile ile ya mguu. Kisanduku cha kwanza kinauliza: mdai anaelezaje hali yake? Afisa huanza kwa salamu kama mtu yeyote, na jibu la salamu ndilo linaloingia katika kisanduku hicho, kwa sababu nje kuna watu kumi na wanne wa meza zote na saa sita inakaribia. Likishaandikwa, visanduku vingine hulifuata. Fomu inayojipinga yenyewe hurudishwa na msimamizi wetu, Bwana Thuku, naye hapendi kurudisha.

Kwa rufaa tafuta barua ya daktari wa akili. Halafu mtu anayeishi naye aandike siku yake mbaya kuliko zote, tangu asubuhi hadi jioni. Lakini bila hasira, shangazi. Bodi ya rufaa ikiona hasira hugeuza ukurasa.

Ni mimi mwanao,
Nyale


Matsangoni,
2 Machi 2025

Nyale,

Mvua bado. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja hakuamka. Sanga anakula mara moja kwa siku, saa nyingine zote yuko nyuma ya nyumba ameelekea ukuta wa choo. Nilimwambia umemsalimu. Akasema, "Yule ni mtoto mzuri, msimsumbue." Kisha akaugeukia ukuta tena.

Ahsante kwa somo. Sasa pokea langu. Aliyekatika kidole huwaonyesha kidole, mkaandika kidole. Hakuna anayemwuliza alilia vipi, wala alijikojolea au la. Ndugu yangu tu ndiye anayetakiwa avuliwe nguo mbele ya watu wasiojua hata jina la mama yake, tena nimvue mimi, kwa mwandiko mzuri na bila hasira. Nimesoma vitabu vingi kuhusu serikali zilizowatesa watu wao, na nakwambia serikali yenye fomu haihitaji minyororo. Katiba, kifungu cha arobaini na tatu, inasema hifadhi ya jamii ni haki ya kila mtu. Haikusema kila mtu atakayekubali kuanika uchafu wa nyumba yake.

Siku mbaya za Sanga zitabaki chini ya bati hili. Tafuteni njia nyingine. Na jina la afisa bado nalitaka.

Mbeyu


Mtwapa,
30 Machi 2025

Shikamoo shangazi,

Viola amevimba miguu lakini bado anakwenda kazini. Anakusalimu, anasema ukipata ukwaju umtumie.

Kuna jambo sijui niliulize vipi. Katika faili kuna hati za ugonjwa kumi na moja kutoka zahanati, za miaka miwili yote aliyokuwa akikosa zamu. Zote zimeandikwa maumivu ya mgongo. Hakuna hata moja inayotaja akili. Bodi ikiona mgongo mara kumi na moja halafu ombi la akili, itasema familia inabahatisha.

Unajua lolote kuhusu hizo hati? Siulizi kwa ubaya.

Nyale


Matsangoni,
4 Mei 2025

Nyale,

Nimechelewa kukujibu na sitasingizia posta. Abigael aliolewa tarehe 26 Aprili. Watu walikula wakashiba. Sanga alikuwa chumbani na mlango nikaufunga kwa nje; waliouliza niliwaambia mgongo umemkaba.

Ndiyo, mgongo ni wangu. Kila alipozidiwa nilikwenda zahanati, nikamwomba karani aandike mgongo. Mgongo hauna aibu. Hakuna aliyevunja posa kwa sababu mjomba wa bibi harusi anaumwa mgongo, ila wakisikia wazimu watu wataanza kuhesabu ukoo mzima, nani aliongea peke yake, nani alijinyonga mwaka gani. Na kiwanda kingemfukuza siku ile ile. Nilijiambia ni mpaka Abigael aolewe; ombi la akili nililiandika tu aliposhindwa kabisa kwenda zamu, nikitumaini halitatoka ofisini. Nimewahi kuwapigia kelele wakuu wa elimu watatu kuhusu ukweli, wakanifukuza kazi kwa hiyo sifa, kisha nikaenda kunong'ona dirishani kwa karani wa zahanati.

Umeshaniona nilivyo. Sasa ni zamu yako. Februari uliniandikia uko meza ya majeraha, meza ya akili si yako. Machi umeshazihesabu karatasi za faili la Sanga. Umelionea wapi?

Mbeyu


Mtwapa,
25 Mei 2025

Shikamoo shangazi,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Saini ile ni yangu.

Nilihamishwa meza ya akili mwezi wa Novemba. Tarehe 4 Desemba faili langu la tisa tangu nihamie pale lilikuwa la baba mdogo. Kanuni inasema afisa akiona jina la jamaa yake asimame, atangaze, ampishe mwingine. Yeye si jamaa tu. Ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki nikiwa na miaka sita. Sikusimama. Nilifikiri nikilishika mwenyewe nitalipitisha, maana kwa wengine mafaili ya meza ile hayapiti.

Kisha Bwana Thuku akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu. Ilikuwa siku yake ya kukagua.

Mlango ukafunguliwa. Baba mdogo alinitazama mara moja, akamtazama Thuku, akanitazama tena. Nadhani alielewa yote kabla hajaifikia meza, hatua nne tu kutoka mlangoni. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, mkubwa."

Shangazi, niliitikia. Nilimwambia marahaba, mimi.

Nikamwuliza habari yake. Akasema, "Sijambo, bwana. Sijui wewe." Nikaandika, Thuku akitazama kalamu. Nikamwuliza analala? Akasema analala. Anasikia sauti za watu wasiokuwepo? Akasema, "Nasikia yako tu, na wewe upo." Thuku akacheka, akaniambia, "Huyu ni mzima kuliko mimi." Alipotoka hakugeuka nyuma.

Alikuwa ananilinda. Kwa akili yote aliyobakiwa nayo alikuwa ananilinda, nami nikaijaza kwenye fomu kuwa ni uzima.

Sasa kuna hili. Afisa akimhoji jamaa bila kutangaza, mahojiano yanabatilika na kurudiwa upya. Kumbe ninaweza kulifungua faili lake kwa karatasi moja tu, ya kukiri. Karatasi hiyo ndiyo itakayonifukuzisha. Na Viola ni Julai.

Nyale


Matsangoni,
3 Juni 2025

Mwanangu Nyale,

Ukwaju wa Viola upo, utakuja na Purity wa dukani atakapokwenda Mtwapa kununua mali.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilikutukana kwa matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mara ya nne nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamwuliza Sanga, "Kule ofisini ulimkuta nani?"

"Afisa."

"Afisa gani?"

"Kijana kijana hivi. Alikuwa na kazi nyingi."

"Hakuwa Nyale?"

Akageukia ukuta. Hatasema, hata ukimpiga. Basi karatasi yako usiiandike. Nakukataza kama shangazi yako, na katika ukoo wetu shangazi akikataza huwa amemaliza. Hakukusalimia vile ili wewe uje ukajitupe.

Badala yake nimeandika yangu. Nimeiambatanisha, wapelekee bodi. Nimekiri habari ya zahanati, na kama ni kosa la jinai waje wanichukue, njia ya Matsangoni si ya kuuliza. Abigael nimemwambia mwenyewe kabla ya kuandika. Alilia, kisha akasema niandike.

Na siku nimeiandika. Nilichagua tarehe 9 Agosti mwaka jana. Aliamka alfajiri akasema pampu imepasuka na bahari inakuja. Akaanza kuteka maji kisimani, akajaza ndoo, masufuria, mabeseni, vikombe, mpaka sahani. Nilimsihi hadi sauti ikanikauka. Ilipofika saa nane mchana viganja vilikuwa vinatoka damu kwa kamba. Halafu akayamwaga yote katika chumba alichofia mama, akaketi ndani ya tope. Hakunijua. Aliniita msimamizi, akanishika miguu, akaniomba nisimwandike kuwa hakufika kazini.

Jua lilipozama nilimfunga kitandani kwa leso zangu mbili za kujitanda, mikono na miguu. Nilimwacha hivyo mpaka kesho yake. Hilo ndilo nililolificha kuliko mgongo. Ulipotaka siku yake mbaya, ulikuwa unataka na yangu.

Nimeandika bila hasira. Hasira imeniishia njiani, sijui iko wapi.

Mbeyu


Mtwapa,
12 Juni 2025

Shikamoo shangazi,

Nimekuasi nusu. Niliandika karatasi yangu hata hivyo, nikampelekea Bwana Thuku pamoja na yako.

Yako aliisoma amesimama, akafika mwisho amekaa. Yangu aliisoma haraka, akainuka akafunga mlango.

"Umekaa meza ile tangu Novemba. Umehoji wangapi?"

"Thelathini na tisa, pamoja naye."

"Umekataa wangapi?"

"Wote."

"Wote wamesema hawajambo?"

"Wote, mkubwa. Ndivyo watu wanavyoitikia."

Akajifuta uso. Akanieleza kwamba karatasi yangu ikiingia kwenye faili, kanuni inalazimisha mahojiano yote niliyofanya yarudiwe na afisa mwingine, na makao makuu yatataka kujua kwa nini hakuna hata mmoja aliyepita. Akasema, "Sikia, kijana. Maelezo ya huyu mama yanatosha. Nina mamlaka ya kulirekebisha faili kabla halijafika bodi. Mzee wako atapata mafao yake mwezi huu. Hii yako ichane, ukamlee mwanao."

Si mtu mbaya, shangazi. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mke wake yuko kwenye mashine ya figo. Alinirudishia karatasi yangu taratibu, kama mtu anayekurudishia chenji.

Amenipa hadi Ijumaa tarehe 27. Tafadhali niambie la kufanya. Wewe hujawahi kukosa la kusema.

Nyale


Matsangoni,
24 Juni 2025

Nyale,

Barua yako imefika jana jioni. Hatuna habari za nyumbani leo.

Ichane.

Nawajua hao thelathini na wanane wengine, ingawa sijawaona. Kila mmoja ana mtu nyumbani anayeficha masufuria. Miaka kumi iliyopita ningekwambia uiweke karatasi, uibandike hata mlangoni, na ningepanda gari kuja kusimama karibu nawe nikiwasomea Katiba. Mtu mwingine akifanya hili ninalokuomba, ningemwandikia kurasa nane na kila ukurasa ungemwuma.

Lakini dawa za Sanga, nilizokuwa nikinunua kwa siri, zilikwisha Mei. Nampa nusu kidonge cha zile kuukuu, siku moja nampa, siku moja namruka. Juzi ameanza tena kukusanya vyombo. Nina miaka hamsini na minne, mikono yangu haina tena nguvu ya kumfunga mwanamume. Wengine watafute shangazi zao.

Mwambie Thuku nimekubali. Na usiwahi kunikumbusha kwamba nilikubali.

Mbeyu


Mtwapa,
27 Juni 2025

Shikamoo shangazi,

Hii nampa Kavumbi, jirani yangu wa ploti moja, anakwenda Watamu leo jioni. Amesema atashuka akuletee mkononi.

Nimekwenda posta Jumatano, jana, na leo asubuhi. Hakuna barua yako. Saa nne Bwana Thuku akaniita. Sikuwa na neno lako, ikabidi nilitunge mwenyewe. Nikajiuliza, angekuwa shangazi Mbeyu amekaa kwenye kiti hiki angesema nini? Haikunichukua muda. Ni wewe uliyenifundisha kusoma kwa magazeti uliyoyachora mistari myekundu. Nikajua usingekubali Sanga apite kwa mlango wa nyuma na wale wengine wafungiwe nje.

Nimeiweka karatasi kwenye faili. Nimepiga muhuri mwenyewe wa kupokelewa. Thuku alitazama dirishani. Saa saba walinipa barua ya kusimamishwa kazi, nikatoa vitu vyangu kwenye meza vikatosha mfuko mmoja.

Mafaili yote thelathini na tisa yatarudiwa. La baba mdogo litaanza upya na wengine, kwa foleni. Wanasema Septemba, pengine Desemba. Najua ni mbali. Viola hajanigombeza; ameketi anakunja nguo za kuhama. Nyumba ya kupanga tutaiacha mwisho wa mwezi.

Ninaogopa, shangazi. Lakini kila nikikufikiria naona angalau mtu mmoja hataniuliza kwa nini.

Mwanao,
Nyale


Matsangoni,
29 Juni 2025

Mwanangu Nyale,

Kavumbi alifika juzi usiku akiwa na vumbi hadi kwenye kope, nimempa uji. Hii nayo Purity anakuletea kesho, mkononi, pamoja na ukwaju.

Msitafute nyumba nyingine. Chumba cha Abigael kiko wazi, kitanda kipo, na Viola hatazaa akiwa anahesabu siku za kuhama. Hospitali ya Kilifi si mbali na gari la jirani nimeshaliomba. Utanisaidia na Sanga. Kuna siku inatakiwa watu wawili, na nimekuwa mmoja kwa muda mrefu.

Nilimweleza kila kitu, kwamba wewe ndiwe uliyekuwa pale na kwamba umeandika. Aliuacha ukuta, akanigeukia. Kisha akauliza kama umekula.

Desemba ni mbali, lakini tutafika. Nitakwenda Malindi kesho kutwa kuuliza dawa kwa watawa, nina mtu ninayemjua pale, na nikikosa nitawapigia kelele. Umefanya vizuri, Nyale.

Kuna barua yangu ya tarehe 24, niliitia posta. Ikikufikia usiifungue. Imepitwa. Irudishe kwangu vile vile ilivyo.

Shangazi yako,
Mbeyu